Majibu yako ya jiografia yasipofanana na ya wenzako: jibu kwa mleta mada

Mleta mada ameeleza kwamba walipotoka kwenye mtihani wa jiografia, ambao kila mmoja aliuona mgumu, alikaa na wenzake watano wakalinganisha majibu, na katika maswali manne akajikuta yuko peke yake. Anauliza kama ahesabu kuwa maswali hayo yamekwisha kumponyoka, na kama kulinganisha kwenyewe kulikuwa na faida yoyote. Nimefundisha somo hili na kusahihisha karatasi zake kwa miaka mingi, na mabishano ya namna hiyo nimeyasikiliza mara nyingi nje ya mlango wa chumba cha mtihani. Nitamjibu kwa kufuata maelezo aliyoyatoa mwenyewe, maana katika yote aliyoyataja, hoja ya kwamba wenzake walikuwa wengi ndiyo dhaifu kuliko zote.

Swali la kwanza lilihusu eneo la msitu kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000. Yeye alihesabu miraba mizima 14 na mingine 12 isiyo mizima, akaigawa hii ya pili kwa mbili, akapata jumla ya miraba 20 na kuandika kilomita za mraba 20. Watatu kati ya wenzake waliandika 10, mmoja akaandika 40, na wa tano hakulifikia swali. Jibu la 20 ndilo sahihi. Hao watatu walikumbuka kwamba katika skeli hiyo sentimita mbili ni kilomita moja, wakaona inatosha kugawa kwa mbili. Kanuni hiyo ni ya urefu wa mstari, na wao walikuwa wanapima eneo. Mraba wa gridi kwenye ramani ya namna hii kwa kawaida una sentimita mbili kila upande, kwa hiyo ardhini ni kilomita moja kwa kilomita moja, na ukishahesabu miraba umekwisha kupata kilomita za mraba bila kugawa chochote. Walikubaliana kwa sababu wote walipita njia ileile ya mkato, na kukubaliana kwa aina hiyo hakuongezi uzito wowote kwenye jibu.

Aliyeandika 40 ananivutia zaidi, kwa kuwa alikuwa karibu kuliko wale watatu ingawa namba yake iko mbali zaidi. Alibadili miraba 20 kuwa sentimita za mraba 80, jambo ambalo ni sawa kabisa, kisha akazidisha kwa 0.5. Alipaswa kuzidisha kwa 0.25, kwa sababu nusu kilomita mara nusu kilomita ni robo ya kilomita ya mraba. Ikiwa ameonyesha hatua zake kwenye karatasi, na mwongozo wa usahihishaji unatoa alama za hatua, anaweza kupata sehemu ya alama ambazo aliyeandika 10 bila kuonyesha kitu hatazipata. Aliyepata 20 sahihi lakini akaandika kilomita tupu, bila neno la mraba, anaweza naye kukatwa. Mambo haya hayaonekani kabisa watu wanapoulizana tu, “Umepata ngapi?”

Swali la pili ndilo lililowagombanisha zaidi, na nitakaa nalo kidogo. Mji A uko longitudo ya 60° mashariki na saa yake ni moja asubuhi siku ya Jumatatu. Mji B uko 75° magharibi. Watahiniwa waliambiwa watafute saa na siku katika mji B. Mleta mada alipata saa nne usiku siku ya Jumapili. Mmoja wa wenzake alipata saa kumi jioni Jumatatu, wawili wakapata saa nne usiku Jumatatu, mmoja akaandika 22:00 Jumapili na akabishana kwa nguvu kwamba jibu lake ni tofauti na la mleta mada, na wa mwisho akatoa simu yake akatafuta saa ya mji halisi ulio karibu na longitudo hiyo, kisha akatangaza kwamba wote wamekosa.

Dunia hujizungusha 360° kwa saa 24, yaani 15° kwa saa moja. Kutoka 60° mashariki hadi 75° magharibi kwa kupitia mstari wa 0° ni 135°, ambazo ni saa tisa. Mji ulio magharibi huwa nyuma, kwa hiyo tunatoa saa tisa kutoka saa moja asubuhi, tunarudi hadi saa nne usiku, na njiani tumepita usiku wa manane, ndiyo maana siku inakuwa Jumapili. Aliyepata saa kumi jioni alijumlisha badala ya kutoa. Wale wawili wa Jumatatu walitoa vizuri, ila wakausahau usiku wa manane. Wa 22:00 na mleta mada wana jibu moja lililoandikwa kwa namna mbili za kuhesabu saa, na nusu saa nzima waliyoitumia kuzozana ilikuwa ya bure.

Mleta mada anasema alitiwa wasiwasi na hoja kwamba hesabu yake haikugusa Mstari wa Tarehe wa Kimataifa, ule unaofuata takribani longitudo ya 180° na ambao ukiuvuka tarehe hubadilika. Haikuhitaji kuugusa, kwa sababu njia aliyoipita haifiki 180°. Akitaka kujihakikishia, apite upande wa pili. Kutoka 60° mashariki kuelekea mashariki hadi 75° magharibi ni 225°, sawa na saa 15. Ukijumlisha unafika saa nne usiku Jumatatu, kisha kwa kuwa umeuvuka mstari ukielekea mashariki unarudisha siku moja, na unaangukia Jumapili ileile. Njia zote mbili zinakutana mahali pamoja, na huo ni ushahidi mzuri kuliko kura za watu watano.

Kuhusu simu, kijana yule hakudanganywa na simu; alijibu swali lingine. Saa ya simu ni saa iliyowekwa na serikali, na serikali haziheshimu longitudo sana. China ina upana wa takribani 60° lakini hutumia saa moja nchi nzima, India iko saa tano na nusu mbele ya saa ya Greenwich, na Samoa iliiruka kabisa tarehe 30 Desemba 2011 ili ihamie upande mwingine wa Mstari wa Tarehe. Swali la hesabu ya longitudo linataka saa ya jua kwa kutumia 15°, na halitaki kujua bunge la nchi fulani liliamua nini.

Swali la tatu lilitoa grafu ya hali ya hewa ambayo joto lake la chini kabisa liko mwezi Julai, mvua nyingi ziko Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari ni pakavu. Mleta mada aliandika kwamba ni tabia ya nchi ya Mediterania katika nusu ya kusini ya dunia. Wenzake wote wakamcheka, kwa hoja kwamba Mediterania hupata mvua Desemba na Januari. Hapa tena yuko sahihi. Wenzake waliikariri miezi, wakati kinachoitambulisha tabia hiyo ni majira: mvua huja wakati wa baridi, na majira ya joto huwa makavu. Wakati wa joto maeneo hayo hufunikwa na mgandamizo mkubwa wa hewa, unaozuia mawingu ya mvua kujengeka. Wakati wa baridi mgandamizo huo husogea kuelekea ikweta na kuziachia nafasi pepo za magharibi zinazoleta mvua. Kusini mwa ikweta, baridi ni Juni hadi Agosti. Cape Town na Perth zina grafu za namna hii hasa. Dokezo la kwanza lilikuwa kwenye mstari wa joto, na katika grafu yoyote ya hali ya hewa ni vizuri kuutazama mstari huo kabla ya kuhesabu mvua.

La nne ni fupi. Waliulizwa waeleze, kwa kutoa mfano mmoja, jinsi mlima unavyoundwa kutokana na kipande cha ardhi kilichoinuka kati ya nyufa. Mleta mada alitaja Ruwenzori, wenzake Kilimanjaro. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, kwa hiyo mfano wao hauwezi kupata alama, ingawa maelezo yao yanaweza kuzipata. Wasiwasi wake kwamba yeye alieleza nguvu za kuvutana kwa ardhi na mwenzake mmoja akaeleza nguvu za kusukumana hauna msingi, kwani vitabu vya shule hueleza nadharia zote mbili, na kwa kawaida msahihishaji humpa alama yeyote aliyeifuata moja hadi mwisho bila kuzichanganya.

Sasa kama kulinganisha kuna faida. Kuna faida endapo karatasi ya maswali iko mezani na mnaulizana, “Umeanzia wapi?” Kukiwa na karatasi nyingine ya mtihani kesho yake, mimi huwashauri wanafunzi waache kabisa hadi zote ziishe, kwa sababu mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda ukumbini, na mwenye jibu sahihi anakwenda kulala akiwa amevunjika moyo. Ndivyo ilivyompata mleta mada.

Namna ya kulinganisha inayofaa niliiona kwa mwanafunzi wangu mmoja baada ya swali la kupima urefu wa barabara yenye kona. Ramani zilikuwa zimekusanywa, wenzake wakabaki wanatupiana namba, huyu akisema 11.5, yule 12. Yeye alikuwa amepima kwa ukingo wa karatasi yake ya maswali, akiuzungusha kidogo kwenye kila kona na kuweka alama ya penseli, na alama hizo zilikuwa bado zipo. Aliulaza ukingo ule kwenye rula mbele yao: sentimita 23.4, yaani kilomita 11.7. Kisha akawaonyesha kona mbili ambazo aliyepata 11.5 alikuwa amekiri kwamba alizikata moja kwa moja. Katika maswali ya kupima, mwongozo kwa kawaida huruhusu tofauti ndogo juu na chini ya jibu, kwa hiyo 11.5, 11.7 na hata 12 huenda zote zikapata alama, mradi kila mmoja ameandika kilomita mbele ya namba yake.