Galaksi si nyota tupu
Ndugu, umeuliza kama galaksi ni nyota tu zilizokusanyika. Hapana. Kuna gesi, hasa haidrojeni, kuna vumbi, na kinachozidi vyote kwa uzito ni mata giza: haionekani, ila mvutano wake ndio unaozishika nyota zisitawanyike.

Tofauti kubwa kati ya galaksi na galaksi naiona kwenye gesi. Galaksi zenye umbo la yai zimebakiwa na gesi kidogo, nyota zake nyingi ni kongwe, nyekundunyekundu. Yetu ina mikono iliyojipinda, bado inazaa nyota.

Nenda Kigamboni usiku wa Desemba usio na mwezi, mbali na taa, utazame kusini. Kile kiwingu hafifu kisichopeperushwa na upepo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi isiyo na umbo maalumu, miaka ya nuru kama 160,000 kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Unaiona kwa macho matupu!