Sheria ya tabianchi tunayo, ipelekeni kwenye bajeti

Mwanzisha uzi anataka Bunge la Kenya litunge sheria mpya ya tabianchi yenye meno, eti ile ya 2016 imelala. Mimi nimekaa kwenye kamati ya wadi ya mabadiliko ya tabianchi huku Ukambani, na nasema tuisome kwanza tuliyo nayo.

Kifungu chake cha 23 kinamruhusu yeyote kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kumshtaki anayekwamisha juhudi za kukabili mabadiliko ya tabianchi, bila kulazimika kuthibitisha kwamba amepata hasara. Meno gani tena? Watu wa Lamu walipopinga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni yake Juni 2019. Wananchi hawakuwa wameshirikishwa ipasavyo, na ripoti ya athari kwa mazingira ilikuwa imeiruka sheria hiyo hiyo ya 2016.

Huku mashinani ugonjwa ni pesa na kalenda. Wadi yetu ilichagua bwawa la mchanga, yaani ukuta wa kukinga mto wa msimu ili mchanga ujae na kuhifadhi maji. Fedha zikachelewa, kisha ikawa mbio za kumaliza kabla ya mwaka wa fedha kufungwa Juni 30. Mkandarasi akasimamisha ukuta bila kuchimba hadi kwenye mwamba, na mvua ya kwanza maji yakapita chini yake. Niliomba BQ (orodha ya kazi na bei zake) nikaambiwa ni siri ya ofisi. Siri ya nani? Sheria ya upatikanaji wa habari, nayo ya 2016, inampa ofisa siku 21 kujibu. Nikaandika barua, nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa (bila muhuri, barua huwa "haikufika"). BQ ilipotoka, uchimbaji hadi kwenye mwamba ulikuwemo, na bei yake. Mkandarasi alirudishwa kazini kabla hajalipwa salio.

Lakini hapo tulikuwa tunazima moto. Serikali ya kaunti hupeleka mkakati wake wa fedha kwa bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Sisi hujitokeza Juni kumlaumu MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti), wakati fungu la tabianchi lilishapunguzwa zamani.

Kama kuna marekebisho ya kudai, basi ni hili: kiwango cha chini cha bajeti ya maendeleo ya kaunti kinachopaswa kwenda kwa tabianchi kiandikwe kwenye sheria ya kitaifa. Kaunti ya Makueni ilijiwekea asilimia 1 kwa kanuni zake za 2015, kabla hata sheria ya kitaifa haijapita. Bunge nalo linajua kuandika tarakimu likitaka: marekebisho ya 2023 yaliweka sehemu ya jamii katika mapato ya miradi ya kaboni inayotumia ardhi (ile ya kuuza hewa ukaa, kama ya misitu) kuwa angalau asilimia 40.

Anayetaka mfano wa ile barua aseme, nitaibandika hapa nikishafuta majina.