Mashimo ya chunusi: mulika kwanza, ndipo utoe hela

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, nipake nini mashimo yangu yajae?" Jibu langu huwaudhi wengi, maana hakuna cha kupaka. Chunusi ikivimba kwa ndani huharibu kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia ngozi kutoka chini. Kidonda kikifunga kabla nyuzi hazijarudi za kutosha, ngozi hubonyea. Dawa za kupaka za jamii ya retinoidi husaidia kidogo, tena kwa miezi mingi, lakini shimo refu halijazwi na kopo la krimu, hata muuzaji aape vipi.

Hakikisha kwanza kama una shimo au doa. Zima taa, washa tochi ya simu, umulike shavu kwa ubavu huku ukijitazama kwenye kioo. Shimo litaweka kivuli. Doa halina kivuli. Ngozi zetu nyeusi huacha madoa hata pale zisipobonyea, na mengi hufifia kwa miezi ukijikinga na jua na ukaacha kutumbua. Nimeona watu wakilipia sindano za mashimo kumbe walichonacho ni madoa tu.

Ukishaona kivuli, vuta ngozi taratibu kwa vidole viwili. Kwenye mashavu yangu kulikuwa na mabonde mapana, na nikivuta yalikuwa yanapotea. Hayo hushikwa na nyuzi ngumu za kovu zinazoivuta ngozi chini. Karibu na masikio nilikuwa na vitundu vyembamba, virefu, ambavyo havikubadilika hata nivute vipi. Kuna na aina ya tatu, mashimo mapana yenye kingo zilizosimama, kama yale yanayoachwa na tetekuwanga. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote, na ndiyo maana tiba iliyomfaa rafiki yako inaweza isikufae.

Mabonde yangu daktari aliyatibu kwa kuingiza sindano chini ya ngozi na kuzikata zile nyuzi. Kwa sababu ya ganzi sikuumia sana, ila sauti niliisikia: kwaru, kwaru, kama mtu anapasua kitenge karibu na sikio. Baada ya hapo uso ulivimba na kuvilia damu, kwa hiyo usipange jambo hilo wiki ya harusi. Vitundu vyembamba huguswa kimoja kimoja kwa asidi kali kwenye ncha ya kijiti, au hukatwa na kushonwa. Asidi hiyo isiguswe na mtu wa saluni, na usiiagize mtandaoni ujipake mwenyewe.

Mashine ya visindano vidogo hutoboa ngozi ili itengeneze kolajeni mpya. Hurudiwa mara kadhaa, kwa kawaida baada ya wiki 4 hadi 6, na matokeo huja polepole mno. Sindano za kujaza, zile za asidi ya hayaluroniki, huonyesha kazi siku hiyo hiyo, lakini huyeyuka mwilini na utalipa tena. Leza nayo inafanya kazi, ila ile kali inaweza kuiachia ngozi nyeusi madoa mapya. Muulize daktari ameshatibu ngozi kama yako mara ngapi, na uombe picha. Kama vidonda vyako huwa vinaota keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda, mwambie kabla hajagusa kitu.

Kile kigurudumu cha visindano cha saluni, kinachopita uso wa huyu kikaenda kwa yule, kikatae hata ukipewa bure. Kinatoa damu, na damu hubeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Shimo likitokea pale ulipochomwa sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, tuseme kwa ajili ya keloidi, usiharakishe kulijaza. Mara nyingi hujirudi lenyewe ndani ya miezi kadhaa. Mkorogo wa kujichubua ndio usiuguse kabisa: steroidi zilizomo huidhoofisha ngozi unayotaka ipone, na vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania.

Kabla ya yote hayo chunusi zenyewe zikome, la sivyo unajaza huku zinachimba kwingine. Kwa walio kaskazini, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha kufundishia tiba ya ngozi tangu 1992. Hata kama uko mbali, tafuta daktari wa ngozi, si mtaalamu wa urembo.

Mabonde ya mapajani, dada zangu, wanawake wengi tunayo na si ugonjwa. Hela yako itunze. Lakini titi likibonyea ghafla, au ngozi yake ikawa kama ganda la chungwa, hilo si suala la urembo. Inaweza kuwa dalili ya saratani. Nenda hospitali wiki hii hii.