Tunaiombea Makumira, tutume na nini?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Sisi akina mama wa usharika mmoja huku Moshi tunakiombea chuo cha theolojia Makumira kila Jumatano. Sasa tunataka kuchangia. Tupeleke mahindi?

JIBU: Asifiwe, mama. Chuo hicho kilianzia Lwandai, Lushoto, mwaka 1947, kikahamia Makumira 1954. Wachungaji wengi wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) wamepita hapo. Mahindi yapigeni mnada baada ya ibada (mnawajua wazee wetu wanavyopandishiana bei hata kwa jogoo mmoja!). Fedha ziingie akaunti ya chuo, kwa ada ya mwanafunzi wa usharika wenu, na stakabadhi mdai. Kwenye maombi mtajeni mwanafunzi huyo kwa jina, pamoja na mkewe aliyebaki na watoto na shamba. Huyo mama ndiye wa kupelekewa debe la mahindi.