Mkono unaotangulia akili

Minada ya korosho ikishaanza, kuanzia Oktoba hivi, nyumba nyingi za Mtwara na Lindi huingiziwa benki pesa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hapo ndipo yaliyolala huamka. Aliyekuwa akibeti mia tano anaweka laki. Mwenye hasira za karibu anaongezea uraka, pombe ya mabibo, juu yake. Jirani watasema kalogwa, au ana jini, au ni mkorofi wa kuzaliwa. Ukorofi upo, hatubishi. Ila kuna hali ambazo ni maradhi yenye majina na matibabu, na ukiyatibu kama ukorofi yanazidi.

Watu huchanganya makundi mawili. Kundi la kwanza ni matatizo ya haiba. Haiba ni namna mtu anavyojiona, anavyowaona wenzake, anavyohisi na anavyoitikia mambo; tatizo ni pale namna hiyo inapomvurugia maisha yeye na walio karibu naye. Mwongozo wa kutambua magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022, unataka tatizo hilo liwe limedumu angalau miaka 2, na hauanzi kwa kumpa mtu aina. Unapima kwanza uzito: hafifu, wa kati au mkali. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili bado una aina 10. Kwa mtu anayeishi na mgonjwa, swali la uzito lina faida zaidi kuliko jina la aina.

Kundi la pili ni kushindwa kuzuia msukumo: milipuko ya hasira, kleptomania (msukumo wa kuiba), kuchoma vitu moto. Kamari nayo zamani iliwekwa humu. Mwaka 2013 Wamarekani waliihamishia kwenye uraibu. Mzunguko wa hali hizi zote unafanana: mwili unakaza, moyo unadunda, tendo linafanyika, nafuu inakuja, kisha aibu. Mwenye kleptomania anaiba kanga asiyoihitaji huku pesa anazo mfukoni, na akifika nyumbani pengine anaitupa. Anayeiba ili akauze si mgonjwa huyo, msimtetee kwa jina hilo.

Makundi haya hukutana. Mwenye haiba ya mhemko usiotulia, ambaye leo anakupenda kupita kiasi na kesho wewe ni adui, anayeogopa kuachwa kiasi cha kujikata au kutishia kujiua, huwa pia na misukumo ya matumizi, pombe au ngono. Kwa mwongozo wa Marekani anahitaji dalili 5 kati ya 9. Milipuko ya hasira ina kipimo chake pia: matusi na fujo wastani wa mara 2 kwa wiki kwa miezi 3, au mara 3 ndani ya miezi 12 zenye kuvunja vitu au kuumiza kiumbe, tena kwa jambo dogo lisilolingana na ghadhabu hiyo. Kamari ni dalili 4 kati ya 9 ndani ya mwaka, na mbili za kutazama kwanza ni kurudi kesho yake kutafuta hela iliyoliwa na kudanganya kuhusu kiasi.

Kabla hujasema "fulani ana haiba mbovu", pima mambo matatu. Je, yalianza ujanani au yameibuka ghafla akiwa na miaka 45? Je, yanaonekana shambani, kwenye kikundi na nyumbani, au kwa mke peke yake? Anayemheshimu bosi mchana na kumpiga mkewe usiku anajua kujizuia, anachagua pa kulipukia. Na je, yanavuka desturi za hapa kwetu? Mwari aliyetoka unyagoni akainamisha macho na kukaa kimya mbele ya wakubwa hana tatizo la haiba.

Mabadiliko ya ghafla yatafutiwe sababu nyingine kwanza. Ajali ya bodaboda bila kofia ngumu inaweza kuumiza sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayoshika breki, na mtu mpole akageuka wa matusi. Ugonjwa wa mihemko miwili humfanya mtu asilale, aongee mfululizo na kugawa pesa kwa siku kadhaa, kisha azame. Dawa za ugonjwa wa Parkinson kama pramipexole na ropinirole zinaweza kumwamshia mzee hamu ya kamari. Arudi kwa daktari wake, asiziache ghafla. Gongo haihitaji maelezo.

Sasa kazi yenyewe. Kiapo hakitibu msukumo. Mtu akishashika msahafu au Biblia kwamba hatarudia, siku akiteleza mara moja huona kila kitu kimeshaharibika, akaendelea hadi mwisho. Kinachosaidia ni kurefusha muda kati ya hamu na tendo. Hamu hupanda kama maji yakijaa, ikafika juu, ikatoka. Mara nyingi nusu saa inatosha. Lenga kuahirisha dakika 10, kisha 10 nyingine.

Mwili ukiwa umeshawaka, maneno hayaingii. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeunda DBT, tiba ya mazungumzo na mazoezi kwa watu wa mhemko mkali, anafundisha kuanza na mwili: bana pumzi, tumbukiza uso kwenye beseni la maji baridi sekunde 15 hadi 30, rudia mara mbili tatu. Mapigo ya moyo hushuka. Maji ya tangi la juani hapa kwetu hayafai, ni vuguvugu. Tumia ya mtungi au tia barafu ya mfuko. Mwenye ugonjwa wa moyo asifanye. Yeye avute pumzi kwa kuhesabu 4, aitoe kwa kuhesabu 7, dakika 5.

Chukua na daftari la shule. Andika kila tukio hivi: "Jumanne, saa 2 usiku. Kabla: hajala tangu asubuhi, kapigiwa simu ya deni. Kilichowasha: mtoto kamwaga maji. Kafanya nini: kapiga teke ndoo, sahani 2 zimevunjika. Dakika 10. Baadaye: kaomba msamaha." Wiki mbili zikipita utaona si mtoto wala maji. Ni njaa na deni, na hivyo vina dawa.

Aliye karibu naye asibishane wakati wa mlipuko, wala asisimame mlangoni kumzibia njia. Sentensi moja inatosha: "Baba Somoe, naona umekasirika. Naenda kwa mama mdogo, saa 4 nitarudi tuongee." Kisha urudi saa hiyo hiyo, hasa kama mwenzio ni yule anayeogopa kuachwa. Ila akiwa anapiga, usirudi. Nenda Dawati la Jinsia polisi. Ugonjwa hauhalalishi kipigo.

Pesa ya korosho ipangwe kabla haijaingia. Kwetu kusini mjomba ana sauti, basi akae kwenye kikao hicho. Mwenye milioni 3 atoe kwanza ada, chakula na pembejeo za msimu ujao, ziende kwenye akaunti ya saini mbili. Simuni kibaki cha wiki moja tu. Afute programu za kubeti, kadi ya benki ashike mwingine. Kosa kubwa la familia ni kumlipia deni la kamari kwa kumkabidhi fedha taslimu. Mkeka ukichanika tena, anarudi na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali. Mkilipa, mlipeni anayedai, mkononi mwake.

Akitaja kufa, msimwambie anadeka. Muulizeni wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Msimwache peke yake, na viuatilifu vya mikorosho vitoke nyumbani vikafungiwe kwa jirani, ufunguo ukae huko. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Pasipo hatari ya haraka, anzia kituo cha afya uombe rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Mtwara kuna Ligula, Lindi kuna Sokoine. Usitarajie kidonge cha haiba, hakipo. Dawa hutolewa kwa sonona, wasiwasi au kukosa usingizi kunakoambatana na tatizo hilo, na vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepam vinaweza kulegeza breki zaidi kwa baadhi yao. Tiba hasa ni mazungumzo. DBT kamili huchukua takriban mwaka, kikao cha mtu mmoja na cha kikundi kila wiki, na huku kuipata nzima ni shida. Muombe muuguzi wa akili akufundishe mbinu moja moja. Kwa mganga mkienda mtaenda, ila msisimamishe kliniki.

Siku ya kwanza beba lile daftari, pakiti za dawa zote anazotumia zikiwemo za miti shamba, tarehe ya ajali yoyote ya kichwa, na ndugu mmoja aliyemjua tangu utoto. Huyo ndugu ndiye atakayejibu swali ambalo mgonjwa mwenyewe hawezi kulijibu: alikuwaje akiwa na miaka 15.