Barafu haichanui tulipu Mombasa

SWALI: Dada yangu anayeishi Uingereza aliniletea vitunguu vya maua ya tulipu na dafodili, nikavipanda mwezi wa Julai uani kwetu Kisauni. Majani yalitoka, ua hata moja sijaona, na sasa vingine vimeoza. Muuza miche wa kando ya barabara aliniambia nitie barafu shinani kila asubuhi, akaniuzia na chupa ya dawa ya kuchanua isiyo na lebo. Je, niongeze barafu? Na dawa nitie kiasi gani?

JIBU: Dada, barafu acha leo hii, na chupa hiyo usiifungue tena.

Kila kusi likishika naulizwa habari ya barafu, na kila mara naudhika, si na anayeuliza bali na anayepita akiwafundisha watu hivyo. Barafu ukiiweka juu ya udongo wa Kisauni, jua halijapanda imeshayeyuka. Udongo unarudi kwenye joto lake na kinachobaki ni maji tu. Kitunguu kilichokaa kwenye majimaji na joto kwa pamoja kinaoza, na hicho ndicho kilichovipata vyako.

Tulipu inataka baridi ya mfululizo, wiki 12 hadi 16, chini ya nyuzi 9 hivi. Chukua kimoja kilichooza nusu, ukipasue katikati kwa kisu: kama hakijaharibika sana ndani, utaona ua dogo la kijani mpauko limebanwa kati ya maganda. Ua lilishaumbika kabla hujapanda. Kazi ya baridi ni kukiwezesha kikonyo kurefuka na kulitoa nje. Baridi isipokuwepo, linanyaukia humo humo. Uingereza hupandwa mwishoni mwa mwaka, kitunguu kikalala ardhini majira yote ya baridi, maua yakatoka mwezi wa Aprili. Huku kwetu usiku wa Julai, ule unaotufanya tutafute shuka nzito, haushuki sana chini ya nyuzi 20.

Utaniuliza friji. Inawezekana, wiki hizo zote, kwenye mfuko wa karatasi, mbali kabisa na matunda, kwa sababu ndizi na maembe yanayoiva hutoa gesi ya ethilini inayoliua ua changa ndani ya kitunguu. Lakini hata ukifaulu, kwa joto letu ua litakaa siku chache, na mwaka wa pili usilitarajie. Dafodili nazo zina sumu na zinafanana mno na vitunguu maji. Kwenye friji ya nyumba yenye watoto na wapishi wawili watatu, mimi siziweki.

Mwambie dada pia asibebe tena mimea kwenye sanduku. Sheria ya Kenya inataka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla ya kuingiza, na cheti cha afya ya mimea kutoka huko inakotoka. Minyoo na kuvu wa mizizi hawaonekani kwa macho.

Kama unachotaka ni rangi, masika ikipungua sia zinia, kosmosi na vinka; petunia nayo hustahimili miezi hii ya ubaridi ikipata kivuli cha mchana. Kwa miezi ya kaskazi panda waridi wa jangwani, ambao ni mmea wa pwani yetu wenyewe (utomvu wake ni sumu, nawa mikono), na bougenvilia. Bougenvilia ifanyie ubahili wa maji: ikishazoea mahali, ukavu ndio unaoichanua.

Na hapo ndipo hawa wa chupa wanapowapata watu. Mmea usipochanua, mteja anaambiwa una njaa. Anauziwa maji ya rangi yasiyo na lebo, na mara nyingi ukitazama matokeo yake unajua ni yurea iliyoyeyushwa. Yurea ni naitrojeni asilimia 46, na naitrojeni ikizidi huleta majani. Bougenvilia inanenepa, inakuwa kijani kibichi cha kupendeza, maua hakuna. Mteja anarudi kununua chupa ya pili. Au majani yamekuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, jambo la kawaida kwenye udongo wetu wa matumbawe unaozuia mizizi kupata chuma. Hapo yurea haitibu kitu. Mboji ndiyo inayosaidia. Ncha za majani zikiungua, onja kwanza maji ya kisima chako, huenda ni chumvi.

Mbolea halali ina jina la mtengenezaji, kiasi cha naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na kipimo cha kutumia. Chupa yako haina hata kimoja, kwa hiyo kiasi ulichoniuliza siwezi kukupa, na aliyekuuzia pia hakijui. Usiimwage kwenye mchicha wala karibu na kisima.