Muhtasari wenu nimeurudisha

Wadogo zangu maofisa ardhi mlioko Kigoma, nimepokea muhtasari wa kikao na makaratasi ya kutoa ardhi ya kijiji kwa shamba la michikichi. Hekta 180, sahihi ya mwenyekiti ipo, ya mtendaji ipo, mhuri umekaa vizuri. Mkutano mkuu wa wanakijiji je? Mnajibu: "Bado, ila halmashauri imeridhia." Jamani!

1. Halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mmeisoma chuoni, na mtihani mmefaulu. Ikizidi hekta 250 uamuzi unakwenda kwa waziri. Zenu hazifiki, kwa hiyo wenye neno ni wanakijiji.

2. Msiandike "pori". Mwaka wangu wa pili kazini nilipita bondeni na jipiesi, kile kifaa cha kupimia mahali, nikaona vichaka na michikichi iliyojiotea, nikajaza fomu: ardhi wazi. Walionitembeza walikuwa wazee wanne, wanaume watupu, wote wa kitongoji cha juu. Kumbe lile bonde ni mashamba ya kitongoji cha chini yaliyopumzishwa, na kila mchikichi una mwenyewe. Kina mama walikamua mawese pale, mise, yaani viini vya kokwa za chikichi, wakauza, watoto wakasoma. Nilikuja kujua siku ya kupanda mawe ya mipaka. Mama mmoja alifika na mtoto mgongoni, wala hakupaza sauti. "Mwanangu, ulipoandika hapa hapana mtu, sisi ulituona ni nini?"

Sikuwa na jibu. Ofisini niliambiwa tuendelee, makaratasi yamekamilika. Aliyeyakamilisha ni mimi. Niliomba upimaji urudiwe, ukarudiwa kwa kipande tu. Kilichobaki kilishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, ile iliyo chini ya serikali kuu badala ya kijiji, na ardhi ikishatoka kijijini hivyo, hata mradi ukifa, hairudi yenyewe kwa wanakijiji. Yule mama shamba lake lilikuwa kwenye kilichobaki. Nimekutana naye sokoni mara mbili tangu hapo. Ananisalimia vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

3. Akidi, yaani idadi ya watu inayotosha mkutano kuwa halali, hesabuni kwa majina, kitongoji kwa kitongoji.

4. Mkutano msiuitishe siku ya gulio. Mwaka jana mmoja wenu aliuitisha hivyo, akakaa chini ya mwembe na mbuzi wa mwenyekiti hadi saa tisa. Huyo ninampenda, anajijua.

Jumamosi nakuja. Tafuteni mama wa kitongoji cha mbali zaidi atutembeze, na fomu ziacheni tupu.